Njia za Habari Mwilini: Ubongo na Mishipa ya Fahamu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na watu wa vijiji vya ufuko wa Ziwa, Mwanza)



Tumeombwa tuseme habari za ubongo na mishipa ya fahamu, nasi tumekubali kwa furaha. Hapa ufukoni mwa Ziwa yako magonjwa ambayo watu huyaogopa mno kwa kuwa hawajui yaingia wapi mwilini. Mtu aliyelima jana, leo hawezi kusimama. Mwingine alala mchana na kukesha usiku, hata jamaa zake wasema amerogwa. Wa tatu aling'atwa na mbwa miezi miwili iliyopita, jeraha likapona, naye ghafula aona kikombe cha maji akatetemeka kwa hofu. Mara nyingi watu hao hupelekwa kwanza kwa mwaguzi, na siku zinazopotea huko ndizo siku ambazo dawa ingalifaa. Magonjwa hayo matatu yote ni ya mishipa ya fahamu. Basi hatuna budi kueleza kwanza mishipa hiyo ni kitu gani, na habari hupitaje ndani yake.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, nao ni laini kama uji ulioganda. Ukilinganisha na mwili wote, ni sehemu moja tu katika hamsini. Lakini nguvu za chakula zinazotumiwa na mwili uliopumzika, sehemu moja katika tano huchukuliwa na ubongo peke yake. Ni mfano wa nyumba yenye watu hamsini, ambamo mmoja wao hupewa sufuria moja katika kila sufuria tano zinazopikwa. 

Kutoka ubongoni unashuka ugwe, unene wake kama kidole cha mwisho, umehifadhiwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Ugwe huo haufiki mwisho wa uti. Huishia karibu na kiuno. Twaomba mlishike neno hilo, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye malale. Mishipa ya fahamu hutoka katika ugwe kwa jozi 31, ikienda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Jozi nyingine 12 hutoka katika ubongo wenyewe, zikienda machoni, masikioni, ulimini na usoni. Na moja katika hizo hutembea mbali, ikashuka shingoni mpaka moyoni na tumboni.

Mtu aliyewahi kuchinja ng'ombe ameuona mshipa wa namna hii. Katika paja la nyuma, katikati ya nyama, iko kamba nyeupe isiyo na damu ndani yake, wala haivutiki kama kano. Kamba hiyo imesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, kama kamba ya katani. Kila uzi ni mkono mrefu wa chembe hai moja, ambayo wenye elimu huiita seli. Chembe iamrishayo kidole cha mguu wako kukunja ina kiwiliwili chake ndani ya ugwe, upande wa kiunoni, lakini uzi wake wafika mpaka mguuni, urefu wake karibu mita moja. Na chembe za namna hiyo zilizo kichwani ni nyingi kupita kuhesabika kwa vidole: wataalamu wa Brazil walipopata njia ya kuzihesabu, mwaka 2009 walitangaza kuwa ni kama bilioni 86.

Nyuzi hizo si za kazi moja. Nyingine hupeleka habari juu: moto, baridi, maumivu, mguso. Nyingine huleta amri chini: kaza, legeza, inua. Hazibadilishani kazi kamwe. Ndiyo sababu mtu aweza kuwa na mkono wenye nguvu lakini usiohisi moto, kama ilivyo kwa mgonjwa wa ukoma. Na mwingine aweza kuwa na mguu unaohisi hata unyoya lakini usioweza kuinuka.

Wala si kila jambo linaloulizwa kichwani. Zamani za utawala wa watemi hapa Usukuma, moto ulipoingia katika nyasi za kijiji, mwanangwa hakungoja amri ya mtemi. Alipiga yowe, watu wakaja na matawi kuuzima, na habari ikafika ikulu baadaye. Ndivyo ufanyavyo ugwe wa mgongo. Ukigusa chungu cha moto, mkono huruka kabla hujajua kwamba umeungua. Habari ilifika katika ugwe, amri ikarudi papo hapo, na ubongo ukaambiwa nyuma yake. Moyo, mapafu na matumbo navyo vina mishipa yao iendeshayo kazi usiku na mchana, hata ukilala. Kama tungepaswa kuukumbusha moyo kupiga, ni nani kati yetu angeamka asubuhi?

Sasa habari yenyewe ni kitu gani? Watu wengi wamezoea kufananisha mishipa ya fahamu na waya za simu. Mfano huo si mbaya kwa kuanzia, lakini una upungufu. Katika waya, umeme hukimbia kwa mwendo usioweza kuonekana wala kufikiriwa. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa habari katika mshipa wa chura, akaona kuwa wapimika, tena ni wa polepole kuliko watu walivyodhani. Leo twajua kwamba nyuzi nene kabisa za mwili wa mtu hupeleka habari kwa mwendo wa hata mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zipelekazo maumivu ya kuunguza hazizidi sana mita moja. Kila mmoja wenu ameshafanya jaribio hili bila kukusudia: umejikwaa kwenye jiwe, ukajua mara moja kwamba umegonga, kisha kikapita kitambo kidogo, na maumivu makali yakaja. Habari mbili ziliondoka kidoleni pamoja. Moja ilikuja mbio na nyingine ilikuja kwa miguu.

Mwendo huo wafanana zaidi na moto wa nyikani. Nyasi moja ikiwaka huwasha ya pili, na ya pili huwasha ya tatu. Katika uzi wa fahamu, vijilango vidogo hufunguka, chumvi iliyomo katika majimaji ya mwili ikaingia na chaji yake ya umeme, na kuingia huko hufungua vijilango vinavyofuata. Tofauti ni kwamba nyasi zikiungua zangoja mvua, lakini uzi wa fahamu huwa tayari kuwaka tena baada ya sehemu chache za elfu za sekunde.

Hapo tumefika mahali pa ajabu zaidi. Uzi wa chembe moja haukuungana na chembe inayofuata. Kati yao pana mwanya mdogo mno. Watu wa Mwanza watafahamu upesi, maana kabla ya mwaka 2025 lilipofunguliwa daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi, msafiri wa Geita alikwenda kwa basi mpaka ukingoni, akangoja kivuko, akavuka maji, akaendelea na barabara upande wa pili. Basi habari za fahamu husafiri hivyo hivyo: huja kwa umeme mpaka ukingo, kisha huvushwa kwa kemikali, halafu huwa umeme tena ng'ambo. Nasi twathubutu kusema kwamba mwilini daraja lisingekuwa faida. Kivuko chaweza kuzuia abiria, chaweza kuwachuja, chaweza kukusanya habari za njia nyingi na kuamua kama ipo haja ya kuendelea. Kusahau na kukumbuka, kuzoea na kujifunza, yote yatokana na vivuko vinavyopanuka au kufifia.

Aliyethibitisha jambo hili ni Otto Loewi, aliyefundisha Graz, nchi ya Austria. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lake alilipata usingizini. Usiku wa kwanza aliliandika gizani, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ilirudi, naye hakungoja kuche, alikwenda moja kwa moja kazini. Alichukua mioyo miwili ya chura iliyokuwa bado ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Akausisimua mshipa wa moyo wa kwanza, moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayatia kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa mshipa wo wote; nao ukapunguza mwendo. Basi kitu fulani kilitoka mshipani kikaingia majini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Wakulima wa pamba waliohudhuria watuwie radhi tukitoka kidogo njiani. Baadhi ya dawa za kuua wadudu wa shambani huua kwa kuharibu vivuko hivi. Kemikali ya kuvusha ikishafanya kazi yake yapasa kufagiliwa. Dawa hizo humzuia mfagiaji, na amri haikomi kupita. Mdudu hutetemeka akafa. Mtu akiivuta au ikimwingia kwa ngozi, hutokwa na mate na jasho, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, nyama hurukaruka, kisha pumzi humshinda. Mtu huyo avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali na chupa ya dawa aliyotumia, ili daktari asome jina lake.

Turudi Ziwani. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo huko Uganda, ndugu Albert na Jack Cook, waliona wagonjwa wa malale wa kwanza waliotambuliwa katika upande ule. Katika miaka michache iliyofuata, watu waliokufa katika fuko na visiwa vya Uganda wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Aldo Castellani aliona kijidudu cha malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa Entebbe, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayekichukua. Robert Koch alifika Mwanza mwaka 1906, kisha akapiga kambi visiwa vya Sese, akiwatibu watu kwa dawa yenye sumu ya aseniki. Baadhi yao walipofuka. Mwaka 1922 malale ya namna nyingine, iliyo kali zaidi, ilitokea Maswa, si mbali na hapa.

Kwa nini mgonjwa asinzie? Kijidudu hukaa kwanza katika damu, na hapo huleta homa tu, hata watu hudhani ni malaria. Baadaye huvuka ukuta unaoulinda ubongo. Kikishaingia huvuruga sehemu inayotunza saa ya mwili, ile itujulishayo mchana na usiku. Mgonjwa hapati usingizi mwingi kuliko watu wengine. Usingizi wake umevunjika vipande vipande, ukatupwa mahali pasipo pake. Hutokea tena akabadilika tabia, akagombana na watu aliowapenda, akasema maneno yasiyofuatana. Huyu si mchawi wala hakuchezewa na wachawi. Kiti cha hukumu kichwani mwake kimeingiliwa.

Ili kujua kama kijidudu kimefika ubongoni, daktari hutoa maji kidogo kwa sindano chini ya kiuno. Watu huikimbia sindano hiyo, wakisema itawapoozesha. Tulisema tangu mwanzo kwamba ugwe huishia karibu na kiuno. Basi sindano hupigwa chini ya mwisho wake, mahali penye maji na nyuzi zinazoelea, wala haichomi ugwe. Dawa nazo zimeendelea. Ile ya aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949 iliponya wengi, lakini iliua kama mtu mmoja katika kila ishirini waliopewa. Tangu miaka michache hii viko vidonge viitwavyo feksinidazoli, na mwaka 2023 vilikubaliwa pia kwa malale ya namna ya huku kwetu.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu lawahusu akina mama wa ufuko huu kuliko yote, maana liko jikoni. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, watu walianza kupatwa na ugonjwa wa miguu. Mtu aliamka, au alikuwa njiani akirudi kutoka shamba, miguu yote miwili ikakaza kama miti. Hakuwa na homa. Hakupoteza akili wala maneno. Kwa siku moja au mbili hali ilifika mwisho wake, haikuzidi tena; lakini haikupona. Waliobaki na uwezo wa kutembea walitembea kwa ncha za vidole, magoti yakipishana kama mikono ya mkasi. Waliopatwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na mara nyingine nyumba moja ilitoa wagonjwa wawili au zaidi. Mwajionea wenyewe jinsi neno la uchawi lilivyo karibu.

Ugonjwa huo huitwa konzo, jina litokalo katika lugha ya Wayaka wa Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu elfu moja walipatwa nao katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Wataalamu waliouchunguza ule wa Tarime, na miongoni mwao walikuwamo wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, walikuta mambo yale yale: muhogo mchungu usiotengenezwa ipasavyo, na mboga haba.

Hebu tuutazame mguu huo uliokaza, maana wenyewe watufundisha jinsi mwili ulivyopangwa. Amri ya kutembea hupita safari mbili. Safari ya kwanza ni kutoka ubongoni mpaka katika ugwe; ya pili ni kutoka katika ugwe mpaka kwenye nyama ya mguu. Ugonjwa wa polio huua chembe za safari ya pili. Nyama haipati neno lo lote kutoka kwa mtu ye yote, nayo hulegea, hukonda, na mguu huning'inia kama kitambaa. Konzo hudhuru safari ya kwanza. Ugwe ungali hai na nyama ingali hai. Kilichopotea ni sauti ya mkuu iliyokuwa ikiwatuliza. Basi ugwe hutawala peke yake kwa pupa. Ukigonga kidogo chini ya goti la mgonjwa, mguu huruka kwa nguvu kupita kiasi. Kwa sababu hiyo daktari mwenye nyundo ndogo tu aweza kusema ni njia ipi iliyokatika, hata mahali pasipo na mashine.

Muhogo mchungu una kitu ambacho ukisagwa au kukatwa hutoa sumu ya sianidi. Mmea wajilinda nayo, na mwaka wa jua kali sumu huzidi. Mwili una njia ya kuiondoa, lakini wahitaji salfa, nayo hupatikana katika vyakula vya kujenga mwili kama samaki, nyama, maziwa na kunde. Mtu alaye ugali wa muhogo na dagaa wa kutosha ana kinga ambayo mwenzake alaye ugali huo kwa chumvi hana. Na hapa ndipo penye hatari: mwaka wa njaa mahindi hukauka, muhogo mchungu peke yake husimama, dagaa huuzwa ili kupata fedha, na mama ambaye watoto wanalia hawezi kungoja siku nne muhogo ulowe. Hali hizo zikikutana kwa majuma kadhaa, miguu hukaza.

Ukerewe na penginepo Ziwani wazee walijua tangu zamani kutengeneza udaga, nasi hatukuja kuwafundisha kazi yao. Muhogo umenywe, uloweshwe siku tatu au nne mpaka ulainike kabisa, kisha ukamuliwe na kuanikwa juani. Makopa, yaani muhogo uliokatwa na kuanikwa bila kuloweshwa, yafaa kwa muhogo mtamu. Kwa muhogo mchungu hayafai. Kama unga umekwisha kusagwa nawe una shaka nao, iko njia nyingine iliyojaribiwa Msumbiji na Kongo: changanya unga na maji, utandaze juu ya sinia au mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu hutoka kama hewa. Unga huo upikwe siku hiyo hiyo. Mtu ambaye miguu imekwisha kukaza hana dawa ya kumrudisha alivyokuwa, ila mazoezi na fimbo nzuri humsaidia sana, na watoto wa namna hiyo wapaswa kuwa shuleni.

Limebaki la mbwa. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakipiti katika damu. Hutoka mateni mwa mbwa, huingia jerahani, hushika uzi wa fahamu ulio karibu, nacho hupanda polepole njia ile ile tuliyoieleza, mpaka katika ugwe na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu. Aliyeng'atwa usoni ana muda mfupi kuliko aliyeng'atwa mguuni, kwa kuwa njia ni fupi. Muda wote huo mtu ni mzima, anakula, analima. Kikifika ubongoni, koo hukaza kila aonapo maji, na baada ya hapo karibu wote hufa, hata katika hospitali kubwa.

Basi uponyaji wote umo katika siku za safari. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu. Kisha mtu aende akachomwe sindano za kinga, amalize siku zote alizopangiwa, wala asiache kwa kuwa kidonda kimepona. Mbwa nao wachanjwe. Katika wilaya zinazopakana na hifadhi ya Serengeti imeonekana kwamba mbwa wengi wakichanjwa, watu wanaong'atwa na mbwa wenye kichaa hupungua. Kipimo kinachotakiwa ni mbwa 70 katika kila mia.

Walimu tuna neno moja kwenu. Mtoto aliyeng'atwa huficha mara nyingi, kwa kuwa alikuwa akimchokoza mbwa wa jirani, naye aogopa fimbo ya baba yake. Siku ya kwanza ya juma, kabla ya somo la kwanza, waulizeni watoto kama kuna aliyeng'atwa au kukwaruzwa, na atakayesema asipigwe.